Mstari wa Robo ya Chini

Mwalimu Robo alijifunza hesabu kwa mkanda. Baba yake alikuwa fundi viatu, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: harufu ya gundi, misumari midogo ndani ya kopo la maziwa, na mkanda mrefu wa ngozi uliotundikwa nyuma ya mlango. Kila siku baada ya shule, yeye na kaka yake walisimama mbele ya benchi la baba wakikariri jedwali la kuzidisha. Ukikosea saba mara nane, unachapwa, na ukishachapwa unatakiwa kusema, "Asante, baba." Kaka mtu alikuwa mzito wa namba. Siku moja alipigwa upande wa kichwa kwa buti lililokuwa likisubiri soli mpya, na tangu siku hiyo sikio lake la kulia likawa pambo tu. Alipofika miaka kumi na sita aliondoka na begi moja, na hata baba yao alipokufa hakuja kumzika.

Yeye, binti, alibaki, na hesabu ikamwingia. Hakujua kama ilikuwa akili au woga. Alisoma, akawa mwalimu, na miaka tisa ya kwanza ya kazi alitembea na fimbo kwapani kama wenzake wote. Alikuwa na mkono mwepesi. Kisha ikaja asubuhi moja alipompiga kijana wa kidato cha kwanza kwa ubapa wa rula, vidole vikavimba pale pale, na yule kijana, macho yamemjaa machozi, akasema, "Asante, mwalimu." Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Mwalimu alirudi ofisini, akakaa, akashindwa kunywa chai yake. Fimbo aliiacha nyuma ya kabati, na hakuishika tena. Wenzake walimtania kwamba amezeeka mikono. Hakuwaeleza kitu.

Jina la Robo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya mada aliyoipenda kupita zote. Walimu wengine waliharakisha kupita hapo. Yeye alipunguza mwendo. Kidato cha tatu walipofika kwenye robo za namba zisizowekwa katika makundi, aliwauliza wanafunzi kumi na mmoja wanatembea dakika ngapi kuja shule, akaandika majibu ubaoni kama yalivyotoka midomoni: 40, 12, 60, 5, 25, 10, 45, 8, 30, 15, 20.

"Namba ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Jumlisha moja, gawa kwa nne. Unapata nini?"

"Tatu."

"Basi robo ya chini imekaa nafasi ya tatu. Ni ngapi?"

Kiranja wa darasa, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akajibu haraka, "Sitini, mwalimu."

"Yaani robo ya chini ni ile namba kubwa kuliko zote? Wewe umepanda ngazi kwa kichwa."

Darasa likacheka, na kiranja akacheka pia. Ndipo akawaonyesha: kwanza unapanga, kuanzia ndogo hadi kubwa. Tano, nane, kumi, kumi na mbili, na kuendelea hadi sitini. Sasa ya tatu ni kumi; hiyo ndiyo robo ya chini. Ya sita ni ishirini. Hiyo ni namba ya kati. Ya tisa ni arobaini. Hiyo ni robo ya juu. "Asiyepanga," alisema, "atapata jibu, lakini litakuwa jibu la uongo." Wakaandika.

Wiki iliyofuata akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko yote aliyowahi kufanya kwa fimbo. Alichukua alama zao za mtihani wa mwezi, wanafunzi arobaini na watatu, akazipanga kwenye karatasi kubwa bila majina, akachora mistari mitatu kwa kalamu nyekundu: chini ya alama 35, chini ya 48, chini ya 63. Akaibandika ukutani wapate kuona kwa macho yao namna namba zinavyojigawa mafungu manne.

Makamu wa mkuu wa shule alipita, akasimama mlangoni. Wanafunzi walimwita Nyundo. Mkuu mwenyewe alikuwa kwenye likizo ndefu ya matibabu, na shule nzima ilikuwa mikononi mwa mtu huyu mnene wa shingo, msafi, mwenye kupenda peremende za mnanaa. Mkononi hakukosa kipande cha bomba la plastiki, urefu wa mkono, lile jeusi la kupitishia maji.

"Mwalimu, huu mstari wa chini kabisa una maana gani?"

"Ni robo ya chini. Walio chini yake wako kumi."

"Kumi." Alilitafuna neno pamoja na peremende. "Nimekuwa nikitafuta kipimo cha haki. Watu husema Makamu anachapa kwa upendeleo. Sasa hesabu itaongea yenyewe. Nipe majina ya hao kumi."

"Makamu, mstari huu ni wa kufundishia tu."

"Na mimi nataka kuwafundisha."

Alifungua rejista mwenyewe. Saa nne, kumi walipangwa ukutani nje ya ofisi yake, mikono juu, na bomba likaanza kazi. Mwalimu Robo alikuwa darasa la jirani akifundisha pembetatu. Kila mlio ulipita ukuta kama mtu anayekung'uta godoro, na kila mlio chaki yake ilisimama. Alihesabu viboko sitini. Hakutoka.

Miongoni mwa wale kumi alikuwapo binti mmoja aliyeitwa Sindano, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba na mwenye maneno makali. Alipata 29. Kwa siku tatu hakuweza kukaa. Aliandika amesimama, daftari limewekwa kwenye kingo ya dirisha. Mwalimu Robo akamwita, akamwambia waje wote walio chini ya mstari wakati wa mapumziko ya mchana, awafundishe. Walikuja wawili, kisha mmoja, kisha akabaki Sindano peke yake.

Mtihani wa pili alipata 52. Alikuwa amepanda nafasi kumi na tisa. Darasa zima lilikuwa limepanda, maana hofu ilikuwa imewafanya wakeshe. Robo ya chini sasa ilikuwa 39. Lakini walio chini yake walikuwa kumi vile vile, na kumi walichapwa vile vile.

"Mwalimu," Sindano aliuliza siku hiyo darasani, "hata tukipata wote tisini na kitu, mstari utakuwepo?"

"Utakuwepo."

"Na kutakuwa na watu chini yake?"

"Ndiyo. Robo ya chini ni mahali tu, mwanangu. Si kosa la mtu."

"Basi kumbe akipanda mmoja lazima mwingine ashuke."

Mwalimu Robo aliona vichwa vikigeuka, si kumtazama yeye, bali kumtazama Sindano. Kwenye dawati la nyuma alikaa jitu moja la kijana waliyemwita Tingatinga. Katika mtihani wa kwanza alikuwa amepita juu ya mstari kwa alama mbili. Katika wa pili alikuwa chini yake kwa alama moja, na kwa kuwa alimjibu Makamu, alikuwa amepigwa viboko kumi na viwili badala ya sita, viwili kati ya hivyo shingoni.

Mchana uleule, kengele ya kutoka imekwisha kulia, Mwalimu Robo alikuwa akifunga dirisha aliposikia tena mlio ule wa godoro. Ulitoka nyuma ya matangi ya maji. Alikimbia, viatu mkononi. Walikuwa watatu. Tingatinga alikuwa na soksi ndefu, na ndani ya soksi kulikuwa na kufuli la bweni. Aliizungusha mara moja zaidi kabla ya kumwona mwalimu, ikatua usoni mwa Sindano na mlio mwingine, mkavu, wa mfupa. Wawili walikimbia. Tingatinga alibaki amesimama, soksi inaning'inia, inadondosha damu kwenye kiatu chake.

"Alichukua nafasi yangu," alisema. "Mwalimu, alichukua nafasi yangu."

Sindano alikuwa amelala ubavu. Jino moja lilikuwa kwenye majani, jeupe kabisa. Jicho la kushoto halikuonekana; mahali pake palikuwa na uvimbe mweusi uliopasuka kama tunda. Alikuwa akijaribu kupumua kupitia damu. Mwalimu Robo alivua koti lake, akambana nalo usoni, akambeba mgongoni mpaka barabarani, umri wake miaka hamsini na mmoja, na hakusikia uzito.

Hospitalini, mama wa Sindano alifika na futi ya kupimia bado imemzunguka shingoni na nyuzi kwenye mikono. Daktari alimweleza kwamba jicho limekwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mwanangu aliniambia kuna mstari. Nani aliuchora?"

"Mimi, mama."

Alimpiga kofi ambalo lilimwangusha kwenye benchi. Akampiga la pili. Wauguzi walikuja, naye akawaambia wamwache, amemaliza. Kisha akakaa kwenye benchi lile lile, karibu na mwalimu, kwa kuwa hapakuwa na benchi lingine, na wakakaa hivyo mpaka jioni, mmoja shavu limevimba, mwingine akizungusha futi kidoleni.

Mume wa Mwalimu Robo alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa mizaha ambaye hata msibani alipata la kuchekesha. Siku hiyo hakutania. Alimwekea barafu shavuni na kumwambia, "Acha kazi."

"Nikiacha, nani atabaki nao?"

"Kwani ukiwepo umewasaidia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimuuma kuliko makofi.

Kesho yake asubuhi alibandua karatasi ukutani, akaipasua, akaingia ofisi ya Makamu na vipande mkononi. Alimwambia hatampigia hesabu tena. Nyundo alimsikiliza kwa upole, akamkaribisha kiti.

"Wahuni waliompiga nimeshawafukuza, watatu wote. Kosa langu liko wapi? Mwalimu, mimi mwalimu mkuu wangu alinivunja kidole hiki." Alionyesha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichopinda kama ndoano. "Kwa ajili ya tahajia ya neno moja. Leo mimi ni nani? Nisingevunjwa, ningekuwa nasukuma mkokoteni."

"Kaka yangu alivunjwa sikio," alisema Mwalimu Robo. "Hatujui hata yuko wapi."

"Alikuwa dhaifu basi."

Alisikia damu ikimpanda kichwani. Mezani kulikuwa na kifaa kizito cha chuma cha kubania karatasi, na mkono wake ukakitazama kabla ya macho yake. Aliuficha mkono nyuma, akatoka.

Mtihani wa tatu ulifanyika. Watatu walikuwa wamefukuzwa na Sindano alikuwa hospitalini, lakini Makamu alikuwa amehamishia wengine watatu kutoka mkondo wa pili, kwa hiyo darasa lilikuwa na arobaini na wawili. Mwalimu Robo alisahihisha, akaandika alama kwenye rejista kwa mfuatano wa majina, kama sheria inavyotaka, na hakupanga chochote, ila kichwani mwake. Alidhani ndiyo njia ya kuwakinga.

Siku ya Jumatano, akirudi kutoka maktaba, alikuta mlango wa kidato cha tatu umefungwa na Makamu yuko ndani. Alisukuma. Nyundo alikuwa ameshika rejista kwa mkono mmoja na bomba kwa mwingine. Kando ya ubao walisimama wanafunzi wengi mno, wamebanana mpaka kwenye kona, na saba walikuwa wamekwisha kupigwa. Walikuwa sakafuni, mmoja akitapika.

"Nimejipigia mwenyewe," alisema Makamu bila kugeuka. "Arobaini na mbili, jumlisha moja, gawa kwa nne. Kumi na robo tatu. Nikasogeza iwe kumi na moja. Wa kumi na moja ana 67. Walio chini ya 67 ni thelathini na wanne. Darasa la wajinga."

Mwalimu Robo alielewa mara moja. Alikuwa amehesabu kwenye rejista, kuanzia jina la kwanza hadi la kumi na moja, kama lilivyoandikwa.

"Hukupanga," alisema.

"Nini?"

"Hukuzipanga kwanza. Robo ya chini hapo ni 36. Unapiga watoto waliofaulu."

Kiranja, yule mpole, alikuwa kwenye mstari. Alikuwa na 65. "Ni kweli, Makamu," alisema kwa sauti yake ya chini. "Lazima upange kutoka ndogo."

Bomba lilimpata mdomoni. Alianguka magotini, na damu ikatoka katikati ya vidole alivyojizibia. Mwalimu Robo alimrukia Nyundo, akalishika lile bomba kwa mikono miwili. Walivutana. Mwalimu alikuwa na nguvu kuliko alivyodhani, lakini si za kutosha; Makamu alimsukuma kwa kiwiko, kisogo chake kikagonga ubao, akateleza mpaka chini, na chaki zikamwagikia mapajani.

Hapo darasa likainuka. Hakuna aliyetoa amri. Lilikuwa kama jengo linaloshuka. Dawati la kwanza lilimpiga Makamu kiunoni, la pili likamwangusha, kisha wakawa juu yake, wasichana kwa wavulana, kwa miguu, kwa vitabu vigumu, kwa vyuma vilivyong'olewa kwenye viti. Alipiga kelele mara mbili, kisha akawa anaguna tu. Kiranja alikuwa amepata mguu wa dawati. Damu ikimtiririka kidevuni, alikuwa akiupiga kwenye goti la Makamu, polepole, sehemu ileile, kama mtu anayepasua kuni.

Mwalimu Robo alikuwa amekaa pale chini na aliona yote. Na hakuinuka. Alivuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani yake kulikuwa na mtu aliyekuwa akisema, "Endeleeni." Alivuta ya nne na ya tano, na katika hizo pumzi tano goti lile lilipasuka. Kisha aliona mguu wa dawati ukihama, ukiinuliwa juu ya kichwa, na akaona uso wa kiranja. Haukuwa na hasira yoyote. Ulikuwa mtupu, kama uso wa baba yake akiwa kazini.

Alitambaa, akajitupa juu ya Nyundo. Mti ulimshukia begani. Alisikia mfupa wa mtulinga ukikatika na mkono ukitoka mahali pake. Pigo jingine likampata mgongoni, teke likampata mbavuni, na harufu ya mnanaa ilimjaa puani kutoka kwa mtu aliyekuwa chini yake.

"Ni mwalimu," alisema msichana mmoja. "Jamani, mnampiga mwalimu."

Walisimama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama mashine inayoishiwa umeme. Kiranja alikuwa wa mwisho. Alitazama mti mkononi mwake, akauweka juu ya dawati kwa uangalifu, akaenda kukaa mahali pake.

Iliundwa kamati ya watu watatu. Mwalimu Robo alihojiwa mkono umefungwa kifuani. Walimsifu kwa ushujaa, naye akawaambia habari ya pumzi tano. Mwenyekiti aliacha kuandika, akamuuliza kama anataka maneno hayo yaingie kwenye kumbukumbu. Alisema ndiyo. Aliwaambia pia kwamba yeye ndiye aliyechora mstari, na kwamba viboko sitini vya kwanza alivihesabu kupitia ukuta, akaendelea kufundisha. Walimpa onyo kali la maandishi. Makamu alistaafishwa. Kiranja na wenzake wanne walifukuzwa shule, ingawa Mwalimu Robo aliwaombea kwa barua tatu. Kiranja huyo sasa anaziba pancha kando ya barabara kuu, na mdomo wake wa juu una mshono.

Miezi minne baadaye Nyundo alikuja nyumbani kwa Mwalimu Robo, kwa magongo. Mume alimfungulia, akasita mlangoni, kisha akamwekea kiti. Mgeni hakunywa maji aliyopewa. Alitoa kwenye mfuko wa shati nakala ya ukurasa wa rejista.

"Nionyeshe," alisema. "Kila mtu ananiambia nilikosea. Sijawahi kuonyeshwa."

Mwalimu Robo alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Wakapanga pamoja zile alama arobaini na mbili, kutoka ndogo hadi kubwa, yeye akisoma na Makamu akizikata moja moja kwenye orodha. Ya kumi ilikuwa 33, ya kumi na moja 37. Akamweleza kwamba nafasi ya kumi na robo tatu iko katikati yao: unatoka kwenye 33, unakwenda robo tatu ya njia kuelekea 37, unafika 36. Nyundo alifuata kwa kidole chake kilichopinda. Akahesabu walio chini ya 36, akarudia.

"Kumi," alisema. "Ningepiga kumi tu. Na hakuna ambaye angeinuka."

Mwalimu Robo alikuwa amedhani mtu huyu amekuja kuomba radhi, au kutukana. Kwa yote mawili alikuwa amejiandaa.

"Ndiyo," alisema. "Na mimi ningekuwa darasa la jirani, nafundisha."

Nyundo alikunja karatasi, akaomba msaada wa kuinuka. Mume alimshika kwapa upande mmoja. Upande wa pili akamshika Mwalimu Robo, kwa mkono wake mzima. Walimpeleka hadi getini, hatua kwa hatua, wakasubiri hapo mpaka gari lililomleta likaja kumchukua.

Mwalimu Robo bado anafundisha. Mkono wa kulia haupandi zaidi ya kifua, kwa hiyo huandika nusu ya chini ya ubao tu. Sindano alirudi muhula uliofuata, akachagua dawati la upande wa kushoto ili ubao wote uwe kwenye jicho lake zima. Robo zinaendelea kufundishwa kila mwaka, kwa namba za mvua na urefu wa miche ya maharage. Mwaka jana mwanafunzi mmoja mgeni aliuliza kwa nini wasitumie alama za darasa, ziko tayari kwenye rejista. Mwalimu Robo akaweka chaki chini, akavuta kiti, akawaeleza.